Rebmann: Aliiona theluji kutoka Taita, safari yake ikavunjikia Machame

Ukipanda matatu ya Taveta pale Voi alfajiri, ukapita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, ukapita Bura, basi ukikaribia Maktau anza kutazama mbele. Siku ya mawingu hutaona kitu ila vichaka na vumbi. Siku ya bahati mlima unajitokeza wote, mweusi chini, mweupe juu, na wageni ndani ya gari wanaanza kutoa simu zao. Wenyeji hata shingo hawageuzi. Wamezaliwa wakiuona.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, kama saa nne hivi, Mjerumani mmoja wa miaka 28 alikuwa akitembea kwa miguu katika nchi hiyo hiyo, kati ya Bura na Taveta. Alikuwa na mwavuli. Nyuma na mbele yake walikuwapo watu wa Pwani wasiofika kumi, na kiongozi wa msafara alikuwa Mswahili aliyeijua njia, Bwana Kheri. Mgeni aliona kilele cha mlima kimefunikwa na kitu cheupe cha kumeremeta, akadhani ni wingu. Akamuuliza Bwana Kheri ile nyeupe ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, maana lugha yetu wakati huo haikuwa na haja nalo. Akasema ni baridi.

Yule mgeni alikuwa ametoka nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Jina lake Johannes Rebmann. Vitabu vya shule vinamtaja kwa mstari mmoja, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro na kuiandika, kisha vinaendelea na Krapf, Livingstone na wengine. Mimi kilichonivuta kwake ni jambo lililomfika mwaka mmoja baadaye, alipopita njia hiyo hiyo ya Taita akiwa na mpango mkubwa kuliko wote wa maisha yake, akarudi hana kitu. Alikuwa na umri wa miaka 29 tu, na alikuwa bado na miaka 26 ya kuishi hapa Pwani na kushindwa kule.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima wa zabibu karibu na Stuttgart. Akasomea umishonari Basel nchini Uswisi, kisha London, ambako shirika la kanisa la Kiingereza, CMS, lilimwajiri na kumtuma huku. Alishuka Mombasa mwezi Juni 1846. Mji ulikuwa chini ya Sayyid Said wa Unguja tangu 1837, baada ya Wamazrui kuondolewa. Aliyempokea ni Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, aliyefika miaka miwili nyuma. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, Julai 1844, wiki chache tu baada ya kuhamia Mombasa.

Agosti 1846 wawili hao walipanda Rabai kwa idhini ya wazee wa huko. Walipanda wote wakiwa na homa. Ukienda Rabai leo utaona nyumba zao zingali zimesimama, na kanisa la zamani limegeuzwa makumbusho.

Krapf alikuwa mtu wa ndoto ndefu. Alitaka vituo vya mishoni vipangwe kama shanga kwenye uzi kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi, bara zima. Ramani za Ulaya za wakati huo ukizitazama, bara letu lilikuwa karatasi nyeupe. Waliolijua walikuwa watu wa misafara, Waswahili, Waarabu, Wakamba, Wanyamwezi, ambao walikwenda na kurudi na pembe za ndovu na watumwa, na hakuna aliyekuwa akiwauliza. Krapf afya yake ilikuwa imeshachoka. Kazi ya kutembea ikamwangukia kijana.

Safari ya kwanza ilikuwa Oktoba 1847, kwenda Kasigau, ambao yeye aliuandika Kadiaro. Kwa wasomaji wa mbali: Kasigau ni ule mlima unaosimama peke yake kusini mwa Voi, ukisafiri kwa reli unauona kwa muda mrefu hadi unauchoka. Kati ya Rabai na huko kuna nyika ya Taru. Sisi leo tunaivuka tumelala ndani ya basi. Enzi hizo ilikuwa siku kadhaa za miiba, kiu na nyayo za simba, na msafara uliokosa maji uliweza kuishia hapo. Rebmann alifika, akakaa siku chache na Wataita wa Kasigau, akarudi salama. Moyo ukamkaa.

Aprili 1848 akatoka tena, safari hii kwenda Uchaga. Mombasa walijaribu kumwonya. Jemadari wa mjini alimwambia mlima ule umejaa majini, bunduki zinagoma kulia, watu wanakufa. Wengine walisema juu kuna fedha, ndiyo ile inayong'aa. Huko Uchagani kwenyewe alikuja kusikia kisa cha mangi wa Machame, Rengua, aliyetuma watu wapande kwenda kuangalia ile nyeupe ni kitu gani, na ni mmoja tu aliyerudi, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Mtu asiyeijua theluji atasema ni majini. Na wala si mjinga kusema hivyo. Ameeleza vizuri kabisa kilichompata.

Taita ilimpendeza. Milima ya Bura, hewa yake, maji yanayotiririka, vilimkumbusha kwao, akatembea huko na furaha aliyoiandika kwa urefu. Kisha ikaja ile asubuhi ya tarehe 11 Mei. Aliendelea hadi Kilema, akapokewa vizuri na Mangi Masaki, akawahoji Wachaga kuhusu ile nyeupe. Wao walikuwa nalo jina, wakamwambia ni kibo, na wakijua kwamba ikishuka inakuwa maji na mito yao inatoka humo. Akarudi Rabai na habari mbili: kuna mlima wa theluji karibu na ikweta, na njia ya Taita inapitika.

Novemba mwaka huo huo akapanda tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mtoto wa yule Rengua. Alipokewa kama ndugu. Mamkinga alikuwa mtawala mwenye nguvu, na alimpa mgeni matumaini ya kumsaidia kupita kwenda mbele zaidi, hata Unyamwezi, katikati ya bara. Rebmann aliporudi Rabai mwezi Februari 1849 alikuwa mtu mwingine. Ile ndoto ya Krapf ilikuwa sasa na mlango, na mlango uko Machame, na mwenye ufunguo ni rafiki yake.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kufanya biashara angeiona mapema. Safari za kwanza alikwenda na mwavuli na watu wachache. Safari ya tatu ya Uchaga, Aprili 1849, alikwenda na wapagazi wapatao 30 na mizigo ya vitambaa na ushanga, fedha ya bara ya siku hizo, ya kutosha kununua njia hadi Unyamwezi. Tena alitoka mvua za masika zikiwa zimeanza. Mtu aliyebeba mwavuli ni mgeni. Mtu aliyebeba mali ya wapagazi 30 ni msafara, na msafara unatozwa.

Mjiweke mahali pa Mamkinga kidogo. Vitambaa vya Pwani ndivyo vilivyomfanya mangi awe mangi: aliwagawia askari, wazee na wakeze, na jirani zake wa Kilema na Kibosho walikuwa wakivitafuta vile vile. Sasa anakuja mtu na shehena hiyo yote, anaomba apite nayo mlangoni, aende akawape watu wengine wasiojulikana huko mbele. Hata kama unampenda mgeni, unakubalije? Mamkinga hakumpiga wala hakumfunga. Aliomba. Akaomba tena. Kila siku kulikuwa na sababu, zawadi ya huyu, haki ya yule, na ahadi kwamba pembe za ndovu zitaletwa kulipia. Mzigo baada ya mzigo ulifunguliwa. Kilichorudi mkononi mwa Rebmann hakikukaribia hata kidogo kile kilichotoka.

Ilipofika wakati hakubaki na kitu cha kumfikisha popote, Rebmann alilia mbele ya watu. Walipomuuliza sababu, alieleza kwamba mali ile haikuwa yake, ilichangwa na watu wa mbali kwa ajili ya kazi aliyotumwa. Nadhani hili ndilo lililomuuma kuliko vitambaa vyenyewe. Wachaga wakamwaga kwa desturi yao, wakamtemea mate, ambayo kwao ni baraka ya safari. Akashuka, mgonjwa, kwenye mvua, kupitia Taita ile ile aliyoipenda.

Kila mtaa wa Pwani unamjua mtu wa namna hii. Ameagwa kwa dua, ndugu wamechanga nauli, kaenda Ghuba au Nairobi, au kafungua duka Voi kwa mkopo. Siku anayorudi anafika magharibi ili wasimwone wengi. Kupoteza mali ni jambo la siku moja. Shughuli ni kuingia tena mtaani na kuulizwa habari za safari. Rebmann aliingia Rabai mwezi Juni 1849. Uchagani hakurudi tena.

Na wakati huo huo, bila yeye kujua, alikuwa akishindwa kwingine. Habari yake ya theluji ilichapishwa London mwaka huo huo wa 1849 katika jarida la CMS, na ikachekwa. Aliyeongoza kicheko alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Alisoma vitabu vya kale, akawahoji wasafiri, akachora ramani zake akiwa kitini, na ndani ya ramani hizo mlima wa theluji haukuwa na nafasi. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara la ndani, na hakubadili msimamo. Ya ajabu ni kwamba wataalamu wa Ulaya walikwisha kujua theluji ya milima ya Andes karibu na ikweta. Walichoshindwa kukubali ni kwamba mmishonari asiye na vipimo, anayeongozwa na Bwana Kheri, ndiye aliyeiona ya Afrika.

Krapf alimtetea. Novemba 1849 yeye mwenyewe, njiani kwenda Ukambani, alisimama Maungu, hapo kabla ya kufika Voi, akaiona Kilimanjaro na weupe wake. Mwezi uliofuata, akiwa Kitui, akauona pia mlima Kenya. Ushahidi wa watu wawili. Cooley alisema wote wawili wameota.

Sasa Rebmann alifanya nini? Ningependa kuwaambia alijikung'uta akapanga safari ya nne. Hakupanga. Alikaa.

Kukaa huko kulimgombanisha na Krapf. Krapf alikwenda Ulaya mwaka 1850, akarudi 1851 na mpango mpya wa vituo vingi zaidi na wamishonari wapya, ambao baadhi yao walikufa au kuugua mara tu walipofika. Rebmann akamwambia wazi kwamba haamini tena mambo ya kuruka kutoka mahali hadi mahali. Bora kituo kimoja, watu wachache, na lugha zao zijulikane hadi ndani. Krapf hakupendezwa. Kwake huo ulikuwa woga. Watu wa shirika London nao wakaanza kunong'ona kwamba kijana amevunjika moyo.

Labda alikuwa amevunjika kweli. Mimi sioni aibu hapo. Ninachoona ni kwamba mpango ulipomfia, hakuubeba ukiwa maiti kwa ajili ya kuwaridhisha waliomtuma. Aliuzika, akaangalia kilichobaki mikononi mwake. Kilichobaki kilikuwa masikio. Safari za Kasigau, Kilema na Machame zilimfundisha kwamba mambo yote ya kweli aliyoyajua kuhusu bara aliambiwa na mtu: na Bwana Kheri, na Wataita, na Wachaga waliojua theluji inakuwa maji. Na watu wa namna hiyo, Mombasa na Rabai, walikuwa wakipita kila siku. Si lazima uende Unyamwezi ikiwa Unyamwezi inapita mlangoni pako kila msimu wa misafara.

Mwaka 1851 alikwenda Cairo, akamwoa Emma Tyler, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Misri. Wakahamia Kisulutini, hapo hapo Rabai, akajenga nyumba ya kudumu. Mtoto wao alifariki akiwa na siku chache tu. Emma hakuondoka, aliishi Rabai hadi alipokufa mwaka 1866. Krapf naye aliondoka mwaka 1853, afya imemshinda, na kuanzia hapo mwenye kituo akawa Rebmann.

Miaka hiyo ndiyo alianza kazi ya maneno. Aliandika maneno ya Kirabai na lugha jirani za Kimijikenda, akaendelea na Kiswahili. Na alikuwapo mtu mmoja, Salimini, aliyezaliwa bara huko upande wa ziwa Nyasa, akakamatwa na kuletwa Pwani akiwa mtumwa. Rebmann alimjua mwaka 1853. Wakakaa naye siku baada ya siku, neno kwa neno, Rebmann akiandika lugha ya nchi ambayo hatafika kamwe, Salimini akiikumbuka nchi aliyonyang'anywa. Hapo nikiwaza huwa nasimama kidogo. Mmoja alikuwa amepoteza mpango. Mwingine alikuwa amepoteza nyumbani, mama, jina la kijiji chake, kila kitu, na hakuna aliyemwita shujaa kwa kuendelea kuishi.

Kutokana na kusikiliza huko kukatoka ramani. Mmishonari mwenzake, Jakob Erhardt, aliyewasili mwaka 1849, alikwenda kukaa Tanga mwaka 1854, akawauliza watu wa misafara maswali yale yale: umetembea siku ngapi, umekuta mto gani, maji uliyofika ng'ambo yake inaonekana? Rebmann alikuwa akifanya hivyo hivyo Rabai. Walipolinganisha majibu waliona jambo moja: watu waliotoka Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Kilwa, njia tofauti kabisa, wote walisema mwisho wa safari ni maji makubwa. Wakahitimisha ni maji yale yale. Wakachora ziwa moja kubwa mno lililojipinda kama konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1855 na 1856 na kusambaa Ulaya.

Ilikuwa na makosa, na makubwa. Maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini iliwasha moto. Chama cha Jiografia cha London kikawatuma Richard Burton na John Speke, na Januari 1857 Burton alipanda Rabai kumwona Rebmann. Kulikuwa na matumaini London kwamba Rebmann angeandamana nao. Hakwenda. Burton, kwa ulimi wake mkali, hakuondoka akimsifu. Hata hivyo Februari 1858 Burton na Speke walikuwa Ujiji wakitazama Tanganyika, na Agosti Speke aliiona Nyanza upande wa Mwanza. Walipita Unyamwezi, Tabora, kule kule alikotaka kwenda Rebmann. Hawakupitia Machame. Walipita njia ya Bagamoyo, ambayo watu wa misafara walikuwa wakiitumia miaka yote.

Wakati huo Rebmann alikuwa na shida zake. Wamaasai walishambulia nchi ya nyuma ya Mombasa mwaka 1857, Rabai ikakimbiwa, yeye na Emma wakahamia Unguja. Walirudi mwaka 1859. Kituo kilikuwa karibu kuanza upya.

Kuhusu theluji, haki ilichelewa lakini ikaja. Mwaka 1861 tajiri wa Kijerumani, Carl Claus von der Decken, alikwenda Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakapanda juu zaidi, na usiku theluji ikawaangukia wao wenyewe. Medali ya dhahabu ya London ilikwenda kwa von der Decken. Cooley aliendelea kubisha. Rebmann alikuwa Rabai, na maneno yake.

Nisimfanye walii. Waliomjua wanamweleza kuwa mtu mgumu, mkaidi, asiyeandika barua kwa wakati, aliyejifungia na vitabu vyake hata watu waliokuja kusaidia kazi wakashindwa kuishi naye. Idadi ya waliombatizia mkono Rabai kwa miaka yote hiyo ilikuwa ndogo sana. Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyefariki mwaka 1851. Baadaye akaja Abe Gunja, Mgiriama, na mwanawe Nyondo, na wengine wachache. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alipopita Pwani kwa shughuli za kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann karibu kipofu, peke yake, na kituo kidogo. Ripoti zilizokwenda London hazikuwa nzuri. Ukihesabu kwa hesabu ya waliomtuma, walikuwa na haki ya kuuliza miaka ile yote imezaa nini.

Na kuna swali ambalo Mtaita anaweza kuuliza, nami ningemwunga mkono. Kasigau walimpokea vizuri mwaka 1847. Bura aliipenda kama kwao. Kosa lilitendeka Machame. Kwa nini basi asirudi hata Taita, siku chache tu kutoka Rabai? Nadhani jibu ni la kibinadamu na wala halipendezi: mtu akiumia mwisho wa njia, huichukia njia nzima. Sagalla, mlima unaoitazama Voi, ilipata mishoni mwaka 1883, na waliokuja walikuwa wengine. Uponyaji wa Rebmann ulikuwa wa kweli, ila ulimgharimu Taita.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, akaondoka. Macho yalikuwa yamekwisha. Mji mpya wa watumwa walioachiwa huru, Freretown, ulikuwa ukijengwa Kisauni wakati huo huo, na kwa watu wapya wa CMS mzee wa Rabai alikuwa habari ya zamani. Aliyempandisha chombo na kumshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, yule mtoto wa Abe Gunja. Safari nzima ya bahari, Aden, mfereji wa Suez ambao wakati Rebmann anakuja haukuwapo, hadi Uingereza na kisha Ujerumani, alisimuliwa na Mgiriama.

Alikwenda kuishi Korntal, mji mdogo karibu na Gerlingen alikozaliwa. Jirani yake huko alikuwa Krapf, naye mzee sasa. Alioa tena mwaka 1876, mjane wa mmishonari, na mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, akafariki. Alikuwa na miaka 56.

Alikuwa amerudi na karatasi. Nyingi hazikuwa zimechapishwa, kwa sababu kila mara aliona kazi haijakamilika. Krapf, aliyemwita mwoga robo karne iliyopita kwa kukataa kusafiri, ndiye aliyeketi akazipanga. Mwaka 1877 kiwanda cha kuchapisha cha St. Chrischona karibu na Basel kilitoa kamusi ya lugha ya Nyasa, jina la Rebmann likiwa juu. Ndani yake yamo maelfu ya maneno ya mvua, jembe, mtumbwi, samaki na jamaa, kutoka nchi ya ziwa ambalo Rebmann hakuliona, yaliyoandikwa Rabai kutoka kinywani mwa Salimini.